Kijaluba cha Bibi: Tumbaku ya Usambara na Safari ya Neno "Uraibu"



Mtoto wa kike akikaribia kuolewa hupewa vitu vya kurithi: mkufu, kanga za zamani, chetezo cha udi. Mimi nilipewa na kijaluba cha bibi. Nilipokifungua, harufu ya tumbaku ilikuwa bado imo, ingawa bibi ametangulia mbele ya haki miaka mingi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Bibi hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Angeambiwa kwamba ana uraibu wa nikotini angecheka mpaka kanga imdondoke. Lakini kila Ramadhani, ikifika alasiri, kichwa kilimuuma, hakutulia mahali pamoja, na ole wake mtoto atakayeangusha kifuniko cha sufuria. Sisi tulikuwa tukinong'onezana: "Swaumu imemshika bibi." Adhana ya magharibi ikilia alifungua kwa tende na maji, akaswali, na kabla hata ya kuugusa uji mkono ulikwenda kwenye kijaluba. Baada ya dakika chache bibi yetu mpole alikuwa amerudi.

Masikini swaumu, ilikuwa ikisingiziwa tu. Iliyomshika bibi ni tumbaku. Leo nataka tuitazame ilikotoka, maana tusipojua ilivyoingia nyumbani hatutajua namna ya kuitoa.

Kutoka Vuga mpaka Unguja

Februari 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipanda milima ya Usambara wakitokea Pangani. Walikuwa wakienda Vuga, mji wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, katika milima hiyo hiyo ambayo leo tunaijua kwa mji wa Lushoto. Kimweri alikuwa mzee tayari. Alifariki mwaka 1862.

Burton alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona, na mara nyingi aliwaandika watu wetu kwa dharau. Hata hivyo, katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 ametuachia habari inayotuhusu sana sisi wa kisiwani. Anasema tumbaku ya Usambara ndiyo iliyohesabiwa kuwa nzuri zaidi Unguja. Ilikandwa ikafanywa vimkate vya duara, upana wake inchi 4 na unene nusu inchi, kisha vikapangwa na kufungwa vizuri katika majani ya mgomba ili visafirishwe. Ya pili kwa ubora ilikuwa ya Uyao. Watu wa Khutu na Usagara nao walitengeneza visahani vikubwa vya ratili 3 hivi, wakawapa Wagogo na kuchukua chumvi.

Kwa hiyo mzigo ule ulishuka kutoka milima yenye ukungu, ukavuka bahari, ukaishia sokoni kwetu, na kutoka sokoni ukaingia majumbani. Wanaume walikuwa na kiko, wapo waliopenda ugoro, na wanawake wengi walikuwa na sinia la tambuu.

Hata jumba la mfalme halikusalimika na tambuu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba kula tambuu ilikuwa desturi ya Waswahili. Jamaa zao waliozaliwa Arabuni hawakuipenda, lakini wao waliozaliwa huku waliipenda vivyo hivyo.

Neno lenyewe linasema

Leo tukisikia "uraibu" tunafikiria vijana wa dawa za kulevya. Lakini muulize mtu mzima wa mwambao maana yake ya zamani. Uraibu ni vitu vya kutafuna: jani la tambuu, popoo, chokaa, katu na tumbaku. Mgeni akifika aliwekewa uraibu, na kwenye posa na harusi uraibu ulikuwa sehemu ya heshima. Neno tunalolitumia leo kwa ugonjwa wa kushindwa kuacha lilikaa kwanza kwenye sinia la kukaribishia wageni.

Siwalaumu wazee wetu. Walikuwa wakikirimu, wala hawakujua kilichomo. Nikotini yenyewe ilitolewa ndani ya jani la tumbaku kwa mara ya kwanza mwaka 1828, na wanasayansi wawili wa Heidelberg, Ujerumani. Bibi zetu watajuaje habari za Heidelberg?

Sisi lakini tunajua. Tunajua kwamba chokaa inayopakwa kwenye tambuu haiko pale kwa ladha tu. Inaifungua nikotini iliyomo kwenye tumbaku ili ipenye kwa urahisi kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo na kuingia damuni. Tunajua kwamba mwaka 1985 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa tambuu yenye tumbaku inasababisha saratani kwa binadamu, na baadaye likathibitisha kwamba hata popoo peke yake haina usalama. Tunajua pia kwamba mama mjamzito anayetumia tumbaku, avute au atafune, anamhatarisha mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Kwa hiyo, bibi harusi wangu, ukimuuliza mchumba kama anavuta sigara, umeuliza jambo la maana. Lakini jiulize na wewe: ugoro je? Tambuu ya tumbaku je? Na shisha ya kwenye sherehe za mashoga? Maji ya shisha hayaiondoi nikotini.

Kuacha kwa mchana tu

Tumbaku asili yake ni bara la Amerika, kwa hiyo haikuwapo Arabuni zama za Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam. Ilipoenea katika nchi za Kiislamu, wanazuoni walihitilafiana: wapo walioiona makuruhu, wapo walioiharamisha. Kadiri madhara yake yalivyofahamika, ndivyo sauti za kuiharamisha zilivyozidi, wakitegemea katazo la Suratul Baqara la kujiingiza wenyewe katika maangamizo.

Kuna kisa kimoja cha Iran ninachokipenda. Mwaka 1890 Shah aliipa kampuni ya Mwingereza mmoja haki ya biashara yote ya tumbaku ya nchi. Desemba 1891 ikaenea fatwa iliyonasibishwa kwa mwanachuoni mkubwa, Mirza Shirazi, kwamba kutumia tumbaku ni haramu. Watu wakaweka chini maburuma yao, na inasimuliwa kwamba hata wake wa Shah ndani ya jumba lake walikataa kuvuta. Januari 1892 mkataba ukavunjwa. Na ulipovunjwa tu, fatwa ikaondolewa, watu wakarudi kwenye maburuma yao.

Ndiyo habari ya bibi na Ramadhani. Kumbe mtu anaweza kuacha! Bibi aliacha kila siku kuanzia alfajiri mpaka magharibi, mwezi mzima, mwaka baada ya mwaka. Alichokosa si nguvu. Nia yake ilikuwa ya kufunga, haikuwa ya kuacha, na sisi tuliokuwa pembeni hatukumsaidia. Tulimwekea kijaluba karibu na tende.

Kama ni wewe, au ni mwenzio

Siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote: kichwa, hasira, kukosa usingizi, kula ovyo. Kwa wengi hali hupungua ndani ya wiki tatu au nne. Hamu ikikujia haikai muda mrefu, mara nyingi ni dakika chache tu. Inuka, tia udhu, kunywa maji, piga mswaki au tafuna hiliki mpaka ipite.

Chagua siku, na uwaambie wa nyumbani. Ondoa vyombo vyake machoni. Usiseme utabaki na tambuu bila tumbaku, maana popoo nayo ina madhara yake, na ladha ileile itakuita urudi ulikotoka. Ukiwa mjamzito au una maradhi, zungumza na daktari. Muulize pia kuhusu ubani na plasta za nikotini, kwani zipo zinazosaidia watu kuacha. Kidonda cha mdomoni kisichopona, au weupe usioondoka, usikifiche kwa kuona haya. Kionyeshe hospitali mapema.

Kama ni mume, usimwaibishe mbele ya mama yake. Msifu kwa kila siku aliyoipita. Akiteleza, hajarudi sifuri; waliofanikiwa kuacha wengi wao walijaribu zaidi ya mara moja. Inapotimia mwaka, hatari ya maradhi ya moyo inayotokana na sigara huwa imeshuka kwa karibu nusu.

Na ile milima je? Leo ukitaja Lushoto, mtu wa Tanga au Dar es Salaam anakumbuka kabichi, karoti, plamu na matunda ya baridi. Ukitaja tumbaku, wote watakuambia Tabora. Jina la Usambara lililosifiwa Unguja kwa vimkate vile limesahauliwa, na milima haikufa njaa. Watu wake walipanda kitu kingine.

Kijaluba cha bibi sikukitupa. Nimekiosha kwa maji ya moto na limau, nikakianika juani siku tatu. Sasa natia hiliki na karafuu. Mgeni akija namfungulia, na yeye akiuliza kilikuwa cha nini, namsimulia.