Kisu na Adui Yake Kutu

Wahenga husema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Neno hili ni la kweli, lakini latuachia swali: kisu hicho kilihifadhiwaje hata kikawa kikali siku ya nyama? Maana kisu hakiharibiki kwa kukata tu. Chaweza kuharibika kikiwa kimelala, wala hapana mtu aliyekigusa.

Jambo hili sisi tulijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja shule ilipofungwa wakati wa masika, tuliyaweka mapanga ya shamba la shule ghalani yakiwa bado na majimaji ya majani, tena ndani ya ala zake za ngozi. Baada ya majuma manne tuliyakuta yamekuwa mekundu, na mengine makali yake yameliwa hata yakafanana na meno ya msumeno. Tuliponoa tuliiondoa kutu, lakini pamoja nayo tuliondoa na chuma. Mapanga mawili hayakufaa tena kazi yo yote, ikatupasa kununua mengine kwa fedha iliyokusudiwa madaftari. Ndipo tulipotamani kujua watu wa zamani walimshindaje adui huyu.

Yafaa kwanza kumtambua adui mwenyewe. Kutu si uchafu utokao nje ukajishika juu ya chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Chuma kikikutana na maji, pamoja na ile oksijeni iliyomo katika hewa tuivutayo, huungana navyo kikawa unga mwekundu. Kimoja kikikosekana, maji au hewa, kutu haipatikani. Chumvi huiharakisha kazi hii; kwa hiyo kisu cha mvuvi wa pwani, au kisu kilichoshikwa kwa mkono wenye jasho, hushika kutu mapema. Tena ganda la kutu lina matundu, halikikingi chuma kilicho chini yake. Hubanduka, maji yakapenya, yakala tena. Basi habari zote za kulinda visu, tangu kale hata leo, ni habari za kukitenga chuma na maji na hewa.

Zamani jambo hili lilikuwa kubwa kuliko tudhanivyo sasa, kwa kuwa chuma kilipatikana kwa taabu. Hapa Afrika ya Mashariki, katika nchi ya Buhaya iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, watu waliyeyusha chuma tangu karibu miaka 2000 iliyopita. Mawe yalichimbwa, makaa yakachomwa, mivuo ikavutwa kwa saa nyingi, na mwisho wake likapatikana bonge la chuma la kupelekwa kwa mhunzi. Si ajabu katika nchi nyingi za bara jembe la chuma lilihesabiwa kuwa mali, hata likatolewa katika mahari. Kitu kilichopatikana kwa jasho namna hiyo, nani angekiacha kiliwe na kutu?

Katika mataifa ya mbali, Wajapani walisifiwa sana kwa kutunza panga zao za vita. Panga hizo zilifuliwa kwa pua, yaani chuma kigumu chenye makaa kidogo ndani yake, nacho chashika kutu upesi. Kila baada ya muda mwenye upanga aliuchomoa, akafuta mafuta ya zamani kwa karatasi laini, akaupigapiga kwa unga mwembamba wa jiwe, akaufuta tena, kisha akaupaka mafuta mapya, membamba sana, yaliyotiwa harufu ya karafuu, ile ile tuijuayo sisi kwa mashamba ya Unguja na Pemba. Hakuugusa bapa lake kwa vidole vitupu, kwa sababu ya jasho. Na upanga wa kuwekwa siku nyingi haukuachwa katika ala ya fahari ya kwendea vitani. Ulitiwa katika ala ya mti mtupu, laini, usiopakwa rangi, ili unyevu usifungiwe ndani. Kwa utunzaji huo, panga zilizofuliwa katika karne ya 13 zingali ziking'aa hata leo.

Huko Uingereza uko mji uitwao Sheffield, ambao sifa yake ni visu. Mshairi Chaucer, aliyeishi katika karne ya 14, alikitaja kisu cha Sheffield katika hadithi zake. Mwaka 1624 mafundi wa visu wa huko walipata chama chao kwa sheria ya Bunge. Lakini visu vyao, pamoja na sifa zote hizo, vilikuwa vya pua ya kawaida, wala havikuwa na kinga. Katika nyumba za wenye mali mtumishi alisugua visu vya mezani kila siku juu ya ubao wenye ngozi, kwa unga wa matofali, mpaka madoa yatoke. Visu visivyotumika vilipakwa mafuta ya kondoo na kufungwa katika karatasi. Na kwa kuwa maji makali ya matunda huitia pua weusi, matajiri walikata matunda kwa visu vya fedha. Hao maskini, wasio na fedha wala mtumishi, walisugua wenyewe, na kila waliposugua kisu kilizidi kuwa chembamba.

Katika mji huo huo alizaliwa Harry Brearley, mwaka 1871. Baba yake alikuwa myeyushaji wa pua, nyumba yao ya kimaskini, naye kijana aliacha shule akiwa na miaka 12 akaenda kufanya kazi kiwandani. Hata hivyo aliendelea kusoma, mpaka akawa mkuu wa maabara ya uchunguzi wa pua. Mwaka 1912 alitakiwa kuchunguza kwa nini mitutu ya bunduki huliwa upesi ndani kwa moto wa baruti. Akajaribu kuchanganya chuma na madini yaitwayo kromiamu. Tarehe 13 Agosti 1913 ikayeyushwa pua yenye kromiamu karibu sehemu 13 katika kila sehemu 100.

Ilikuwa desturi ya maabara kupaka vipande vya pua dawa kali, ili vitazamwe kwa hadubini. Safari hii dawa ile haikuuma. Brearley akajaribu siki, akajaribu na maji ya limau, ambayo kisu cha kawaida hakiyavumilii. Pua ikabaki kama ilivyokuwa. Wengine wangaliona kwamba jaribio la bunduki limekwenda kombo. Yeye, mtoto wa mji wa visu, akawaza visu.

Hakuwa peke yake. Mfaransa Pierre Berthier aliona tangu mwaka 1821 kwamba chuma chenye kromiamu hustahimili dawa kali, na Wajerumani wa kiwanda cha Krupp waliomba hati zao za pua ya namna hii mwaka 1912. Lakini Brearley ndiye aliyeifikisha mezani. Hata hivyo mwanzo ulikuwa mgumu. Mafundi walinung'unika kwamba pua ile ni taabu kufua, naye akachekwa kuwa ametengeneza visu visivyokata. Kosa lilikuwa katika moto, maana pua hiyo, ili ikazwe, yataka joto kubwa kuliko ile ya zamani. Walipojua hayo, visu vikakata, na baadaye vikaenea duniani kote.

Je, kutu imekufa? La, haikufa. Tutazame siri ya pua hiyo. Kromiamu iliyomo ndani yake, ikikutana na hewa, nayo hugeuka mara moja kama chuma kigeukavyo. Lakini badala ya ganda la matundu hufanya ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho, iliyoshikamana pasipo ufa. Kisu kikikwaruzwa, ngozi hiyo hujifunga tena, mradi hewa iweze kukifikia. Kumbe chuma hiki kinalindwa na jamaa ya kutu! Lakini kikiachwa katika maji ya chumvi, au kikifungiwa katika unyevu usiopata hewa, ngozi ile hutoboka, na madoa mekundu yakaonekana. Kwa hiyo adhaniaye kwamba kisu chake king'aacho hakihitaji utunzaji, hudanganyika.

Nayo mapanga yetu na visu vingi vya jikoni bado ni vya pua ya kawaida. Panga jipya aghalabu hutoka kiwandani limepakwa rangi au mafuta, lakini kinga hiyo huisha kwa kazi na kwa kunoa, na baadaye mwenye panga ndiye kinga yake. Kisu kioshwe mara baada ya kukata ndimu, nyanya au nyama yenye chumvi, kisha kikaushwe kwa kitambaa, wala kisiachwe kikauke chenyewe. Cha kuwekwa siku nyingi kipakwe mafuta kidogo. Kwa kisu cha chakula yawe mafuta yaliwayo. Kisilazwe sakafuni, wala kisiwekwe siku nyingi katika ala ya ngozi, maana ngozi hunywa unyevu na kuushika. Na waa la kwanza la kutu lisuguliwe siku hiyo hiyo kwa majivu laini na mafuta, kwa kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Masika yaliyofuata, kabla ya kufunga shule, kila mtoto alipewa panga moja. Alilifuta, akalipaka mafuta, akalizungushia kitambaa kikavu, akalitundika ukutani. Kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri. Shule ilipofunguliwa tuliyashusha yote, tukayahesabu, wala hatukununua hata moja. Fedha ya mwaka ule ilinunua madaftari.