Watu Watatu Lagos: Historia ya Band on the Run

Agosti 1973 ilipoanza, Paul McCartney alikuwa na bendi ya watu watano, Wings, na safari ya kwenda Nijeria kurekodi albamu. Siku ya kuondoka wakawa wamebaki watatu. Mpiga gitaa Henry McCullough alijitoa baada ya kukwaruzana na McCartney mazoezini. Denny Seiwell, mpiga drams, alipiga simu usiku wa kuamkia safari kusema haendi. Basi wakapanda ndege McCartney, mkewe Linda na Denny Laine, wakiwa na Geoff Emerick, fundi wa sauti aliyekuwa amerekodi kazi za Beatles.

Lagos ilichaguliwa kwenye orodha ya studio ambazo kampuni ya EMI ilikuwa nazo duniani. McCartney alikuwa amechoka na London; alitamani jua na midundo ya Afrika. Akakuta mvua. Nchi ilikuwa chini ya serikali ya kijeshi ya Jenerali Yakubu Gowon, na vita vya Biafra vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma. Studio yenyewe, kule Apapa karibu na bandari, ilikuwa na mtambo wa njia 8, wakati London walishazoea 16. Maikrofoni zilikuwa zimefungiwa kabatini, na vile vibanda vya kutenganisha sauti za ala havikuwepo, ilibidi vitengenezwe.

Halafu wakaibiwa. Usiku mmoja Paul na Linda walikuwa wakitembea kwa miguu, ingawa walishaonywa wasifanye hivyo, mara gari likasimama, wakashuka vijana wenye kisu. Walichukua fedha, kamera, na mfuko uliokuwa na daftari la mashairi pamoja na kanda za majaribio za nyimbo mpya. Nakala hakuna. McCartney akalazimika kuzijenga upya kutoka kichwani, na kwa kuwa mpiga drams hakuwepo, akazipiga drams mwenyewe, na besi, na sehemu kubwa ya magitaa. Naamini hasara hizo ndizo zilizoipa albamu umbo lake. Kilichobaki kichwani ni kile kilichokuwa na nguvu, na upigaji wake wa drams, mkavu na usio na mbwembwe, unauacha wimbo utembee wenyewe. Na mikosi haikuishia hapo: siku moja studioni pumzi zilimkata akazimia. Daktari akasema ni mirija ya hewa iliyobana.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile ya Fela Kuti, mwanamuziki wa Nijeria. Fela alimtuhumu McCartney hadharani kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika. McCartney alikuwa ameshakwenda kumsikiliza kwenye klabu yake, Afrika Shrine, na amesimulia mara nyingi kwamba muziki ule ulimtoa machozi. Alimwita Fela studioni, akamsikilizisha kanda, na Fela akaridhika kwamba hakuna kilichoibwa. Waandishi wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha safarini. Mimi nakataa. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939. Wimbo ukazunguka dunia ukatajirisha wengine, naye akafa maskini mwaka 1962. Mwanamuziki wa Kiafrika aliyeyajua hayo alikuwa na kila sababu ya kubisha hodi na kuuliza.

Na swali lake liliacha alama. McCartney alikuwa amefikiria kuwatumia wanamuziki wa Lagos. Baada ya tuhuma zile akaliacha wazo hilo. Mnijeria anayesikika kwenye albamu, Remi Kabaka, anapiga ngoma katika wimbo Bluebird, na sehemu yake ilirekodiwa London. Hata wimbo Picasso's Last Words, uliorekodiwa Ikeja kwenye studio ya mpiga drams Ginger Baker, umepambwa kwa mkebe wa kokoto uliotikiswa na Baker mwenyewe, Mwingereza.

Septemba walirudi London. Kwenye studio za AIR, Tony Visconti aliandika sehemu za okestra, na tarehe 28 Oktoba Clive Arrowsmith akapiga picha ya jalada katika bustani ya Osterley: Wings na watu maarufu sita, akiwemo mwigizaji Christopher Lee na bondia John Conteh, wamevaa kama wafungwa walionaswa na taa ya polisi wakitoroka.

Albamu ilitoka mwishoni mwa 1973, ikaanza kwa mwendo wa kobe. Aliyeikwamua ni Al Coury wa kampuni ya Capitol, Marekani, aliyeshinikiza wimbo Jet na ule wenye jina la albamu zitolewe kama santuri ndogo. Mwaka 1974 ilishika nafasi ya kwanza Marekani mara tatu tofauti, na Julai ikaongoza Uingereza, ikakaa huko wiki saba.

Februari 2024, kwa kuadhimisha miaka 50, yalitolewa matoleo ya nyimbo hizo kabla hazijaongezewa okestra ya Visconti. Ningemshauri msomaji aanze na hayo. Katika wimbo wenye jina la albamu, zile tarumbeta tulizozizoea hazipo, na magitaa na drams za McCartney vinabeba mzigo wote.