Kipimo cha Kazi ya Misuli

Mwalimu wa michezo ana desturi ya kuhukumu bidii ya wanafunzi wake kwa macho. Yule atokwaye na jasho na kuhema humwita hodari. Yule aliye mkavu humwita mvivu. Mimi pia nilikuwa na desturi hiyo. Siku moja, nilipokuwa mwalimu mpya, niliongoza darasa langu kupanda mlima na kuushuka. Asubuhi ya pili kijana mmoja aliniambia ya kwamba mapaja yalimwuma kwa ajili ya ule mteremko, hata kushuka ngazi kulimshinda. Nilimcheka mbele ya wenzake. Nilimwambia ya kuwa kupanda ndiko kazi, na kushuka ni kama kubebwa.

Baadaye, nilipokuwa nikisoma katika chuo cha ualimu, nilitambua ya kwamba kijana yule alisema kweli, na ya kwamba walikuwako watu waliokwisha kulipima jambo hilo kwa chombo. Insha hii ni habari ya chombo hicho: jinsi kilivyotokea, jinsi kilivyotiliwa shaka, mambo kiwezayo kutuambia na mambo kisiyoweza.

Habari yaanzia Bologna, mji wa Italia, katika miaka ya 1780. Huko alikuwako tabibu na mwalimu wa chuo kikuu, jina lake Luigi Galvani, aliyekuwa akichunguza miguu ya vyura waliokufa. Aliona ya kwamba mguu wa chura hushtuka ukiguswa na nguvu za umeme. Tena aliona jambo la ajabu zaidi: miguu iliyotundikwa kwa kulabu za shaba ilishtuka yenyewe kila kulabu zilipogusana na chuma cha uzio, wala hapakuwa na umeme wowote karibu. Mwaka 1791 alitoa maandishi yake, akasema ya kuwa mwili wa mnyama una umeme wake wenyewe, nao ndio uendeshao misuli.

Alessandro Volta, mwalimu wa chuo kikuu cha Pavia, alimsadiki kwanza, kisha akampinga. Alisema ya kuwa umeme ule haukutoka katika chura, bali ulitoka katika kugusana kwa madini mawili ya namna mbalimbali. Chura alikuwa shahidi tu. Akaifuata hoja yake hata akafika kuunda betri ya kwanza, aliyoitangaza mwaka 1800. Galvani naye, mwaka 1794, alionyesha mguu wa chura ukishtuka bila madini yoyote, mshipa wa fahamu ulipogusishwa na msuli wenyewe. Alikufa mwaka 1798, na ugomvi ulikuwa haujaamuliwa. Leo twajua ya kwamba kila mmoja alishika nusu ya kweli. Madini huweza kuzaa umeme, na mwili pia una umeme wake.

Haikutosha kusadiki ya kwamba umeme huo uko. Ilipasa kuupima, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu. Umeme wa msuli uonekanao juu ya ngozi ni sehemu chache tu za elfu za volti, yaani milivolti chache, na aghalabu haufiki hata milivolti moja. Mwaka 1820 mtaalamu wa Denmark, Hans Christian Ørsted, aligundua ya kwamba mkondo wa umeme ukipita katika waya huusogeza mshale wa dira ulio karibu. Waya ukizungushwa mara nyingi, hata mkondo mdogo hutosha kuusogeza mshale. Chombo cha namna hiyo kiliitwa galvanomita, kwa heshima ya Galvani, naye Carlo Matteucci wa Italia alikitumia kuonyesha mkondo wa umeme katika misuli ya vyura.

Mwaka 1841 kijana mmoja wa Berlin, Emil du Bois-Reymond, alipewa na mwalimu wake, Johannes Müller, maandishi ya Matteucci ayachunguze. Kazi hiyo ilimshika miaka mingi. Alitengeneza galvanomita yenye waya mwembamba uliozungushwa zaidi ya mara 20,000. Kisha akajaribu jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya sawasawa: kupima msuli wa mtu aliye hai. Mtu alitia kidole cha kila mkono katika chombo cha maji ya chumvi, vyombo viwili vikiwa vimeunganishwa na galvanomita. Akiukaza mkono mmoja kwa nguvu, mshale ulisogea upande mmoja. Akiukaza wa pili, ulisogea upande wa pili. Mwaka 1849 mzee Alexander von Humboldt, msafiri na mwanasayansi mashuhuri aliyekuwa karibu kutimiza miaka 80, alijaribu mwenyewe, akauona mshale ukisogea kwa nguvu za mkono wake, akawaandikia wataalamu wa Paris kuwapa habari.

Lakini wataalamu wa Paris hawakuisadiki habari hiyo upesi. Mwaka 1850 du Bois-Reymond alisafiri mpaka kwao kuwaonyesha, na hata hivyo wako waliobaki na shaka. Waliuliza: wajuaje ya kuwa umeme huu unatoka katika msuli? Mtu anayekaza mkono hutokwa na jasho, na ngozi yake hupata joto. Huenda mshale unasogezwa na ngozi. Swali hilo halikuwa la kijicho. Lilikuwa swali la haki. Na kwa kweli ngozi ilikuwa kizuizi kikubwa, kwa maana ngozi kavu huupinga mkondo wa umeme usipite. Du Bois-Reymond alitia malengelenge mikononi, akaiondoa ngozi ya juu, akapima tena pale penye kidonda. Mshale ukaenda mbali kuliko kwanza. Alilipa kwa maumivu ya mwili wake ili ajibu swali moja.

Hapa yafaa tueleze kwa maneno machache umeme huo watoka wapi. Ubongo utakapo mkono ujikunje, hupeleka amri kwa njia ya uti wa mgongo. Ndani ya uti wa mgongo mna seli za fahamu. Kila moja hutoa uzi mrefu ufikao msulini, na huko hugawanyika ukashika nyuzi kadhaa za msuli. Katika misuli midogo ya jicho, seli moja hutawala nyuzi chache tu. Katika misuli mikubwa ya mguu hutawala mamia, na pengine zaidi ya elfu. Amri ifikapo, badiliko la umeme hupita juu ya kila uzi, nao uzi hujikaza. Kipande cha madini kilichobandikwa juu ya ngozi, kiitwacho elektrodi, hupokea mabadiliko hayo yote kwa pamoja. Ni kama mtu aliye nje ya uwanja wa mpira asikiavyo kelele za watazamaji: hawezi kumtambua mmoja mmoja, lakini hutambua zinapozidi na zinapopungua.

Miaka iliyofuata ilileta vyombo vyepesi kuliko mshale wa dira. Mjerumani Hans Piper alitoa kitabu chake mwaka 1912 juu ya umeme wa misuli ya watu, alioupima juu ya ngozi bila kujeruhi mtu. Mwaka 1922 Herbert Gasser na Joseph Erlanger, huko Marekani, walitumia osiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwa mwanga juu ya kioo, wakaona mambo yapitayo kwa kasi ambayo mshale haukuweza kuyafuata. Ufundi huu wote ukaitwa elektromiografia, maana yake kuandika umeme wa misuli.

Sasa nirudi kwenye mlima wangu. Mwaka 1952, huko Uingereza, wataalamu watatu, Abbott, Bigland na Ritchie, waliunganisha baiskeli mbili, moja ikiupa mgongo wa pili, kwa mnyororo mmoja. Mtu wa kwanza alipokanyaga kwenda mbele, pedali za mtu wa pili zilizunguka kinyumenyume, naye kazi yake ilikuwa kuzizuia. Nguvu za miguu zilikuwa sawa na mwendo ulikuwa sawa. Tofauti ni kwamba misuli ya mmoja ilijikaza huku ikifupika, na ya mwenzake ilijikaza huku ikivutwa. Walipoionyesha mashine hiyo London, Brenda Bigland, mwanamke mwenye mwili mdogo, alimzuia Ritchie, mwanamume mkubwa kuliko yeye, hata mwanamume akachoka upesi, na mwanamke hakupata taabu kubwa. Mwaka 1954 Bigland pamoja na Olof Lippold walibandika elektrodi juu ya ngozi ya shavu la mguu, wakapata sababu. Kwa nguvu ileile, msuli unaovutwa hutoa umeme mdogo kuliko msuli unaofupika. Maana yake, nyuzi chache tu huitwa kazini.

Mtu ashukaye mlima hutumia mapaja yake kwa njia hiyohiyo, kwa kuuzuia mwili usiporomoke. Hahemi sana, kwa kuwa nyuzi zinazofanya kazi ni chache. Lakini nyuzi hizo chache hubeba mzigo mzito huku zikivutwa, nazo huumia; maumivu huja kesho yake. Kijana yule hakuwa na jasho la kunionyesha, lakini alikuwa na ushahidi wa kweli.

Je, basi, tuache kutazama jasho, tuhukumu kwa umeme? La. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima hapimi mvua kwa kuhesabu mawingu. Umeme wa msuli ni dalili ya kuwa msuli umeitwa kazini, wala si kipimo cha nguvu zenyewe. Msuli ukichoka huku umeshika mzigo uleule, mara nyingi umeme wake huzidi, maana nyuzi nyingine huitwa kuzisaidia zilizochoka. Nguvu hazikuongezeka hata kidogo. Mafuta yaliyo chini ya ngozi huupunguza umeme, msuli jirani huingiza sauti yake, na nyaya za stima zilizo ukutani huleta mvumo wao. Kwa hiyo apimaye husafisha ngozi kwanza, hubandika elektrodi mbili kwa kufuata mkondo wa nyuzi, kisha humwomba mtu aukaze msuli kwa nguvu zake zote, ili vipimo vingine vilinganishwe na hicho. Kati ya mwaka 1996 na 1999 wataalamu wa Ulaya walikusanyika katika mradi ulioitwa SENIAM, wakashauri mahali pa kuweka elektrodi kwa kila msuli, na ya kwamba ziachane sentimita mbili. Bila taratibu hizo, tarakimu za mtu mmoja haziwezi kulinganishwa na za mwenzake.

Siku hizi chombo kizima ni kidogo kama kiberiti, nacho hupeleka habari bila waya, hata mkimbiaji aweza kukivaa akiwa mbioni. Walimu wa michezo hukitumia kujua ni msuli upi unaoanza kazi na upi unaochelewa, na matabibu hukitumia kuona kama mguu ulioumia umerudia kazi yake. Lakini swali la watu wa Paris halijazeeka. Kila mwenye kushika kipimo imempasa aulize: hiki nikionacho chatoka wapi hasa, nacho chaniambia nini?

Mimi niliuona ukavu wa uso wa kijana, nikaufanya kipimo cha ukweli wake, wala sikuuliza swali hilo. Du Bois-Reymond aliuchuna mkono wake mwenyewe ili apate jibu la haki. Mimi nilitakiwa kusikiliza tu.