Maua ya kwenye vyungu: Mengi hufa kwa maji, si kwa kiu

Ni hadithi inayojirudia katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Jumamosi mtu anasimama kwa wauza maua wa barabarani, anachagua chungu chenye ua lililochanua vizuri, analipa na kukipakia kwenye bajaji. Wiki tatu baadaye majani yanaanza kuwa ya njano. Anaongeza maji, yanazidi kuwa ya njano. Mwezi wa pili kimebaki chungu na udongo wake, na mwenyewe anajiambia hana mkono wa maua.

Mara nyingi kosa si la mkono, ni la jagi. Jagi moja la maji kila asubuhi, Januari hadi Desemba, kana kwamba mwaka mzima una hali ya hewa moja. Mmea wa shambani ukikosa maji hapa, mizizi yake huenda kuyatafuta pale. Wa kwenye chungu hauna pa kwenda. Unategemea kile unachopewa, na mahitaji yake hubadilika kila msimu.

Huu hapa mwongozo wa mwaka mzima kwa anayeishi pwani, iwe ana bustani, kibaraza au dirisha moja tu.

Kwa nini maji yanaua?

Mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji muda wote, hewa inakosa nafasi, mizizi inaanza kuoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji, kwa hiyo majani yananyauka kama vile mmea una kiu. Hapo ndipo watu wengi wanaponaswa: wanaona umenyauka, wanaongeza maji, wanaumaliza kabisa.

Njia ya kujua ukweli ni kidole. Kichomeke kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kikitoka na udongo wenye unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha subiri tena. Chungu kidogo unaweza hata kukinyanyua: kikiwa chepesi kuliko kawaida, kina kiu.

Ukiona mmea umenyauka huku udongo umelowa, usiongeze hata tone. Uhamishie kivulini, mwaga maji ya kwenye kisahani na uache udongo ukauke. Ukinuka uvundo, utoe, kata mizizi iliyolainika na kuwa myeusi, halafu upande upya kwenye udongo mkavu kidogo.

Chungu na udongo kwanza

Kila chungu lazima kiwe na tundu chini. Ndoo ya rangi, sado na dumu lililokatwa vyote vinafaa, ilimradi vimetobolewa. Chungu cha udongo wa kufinyanga hukauka haraka kwa sababu kuta zake zinapitisha hewa na unyevu. Cha plastiki hutunza maji muda mrefu zaidi. Kwa hiyo, mimea miwili ya aina moja inaweza kuhitaji maji kwa siku tofauti kwa sababu ya vyungu tu.

Kuweka kokoto nyingi chini ya chungu hakusaidii kama wengi wanavyodhani. Maji hukaa kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi inapunguziwa nafasi. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Mchanganyiko rahisi ni sehemu moja ya udongo wa bustani, moja ya samadi iliyooza vizuri au mboji, na moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa baharini usiguse, una chumvi. Samadi mbichi nayo inaunguza mizizi.

Jua linahama upande

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: jua la saa sita mchana halikai upande uleule mwaka mzima. Dar es Salaam ipo kusini kidogo mwa ikweta. Kuanzia mwezi wa kumi hadi mwanzoni mwa mwezi wa tatu, jua la mchana linakuwa upande wa kusini. Miezi mingine yote linakuwa kaskazini.

Maana yake ni kwamba kibaraza kinachotazama kusini, ambacho kilikuwa na kivuli kizuri mwezi wa saba, kinaweza kupigwa na jua moja kwa moja mwezi wa kumi na mbili, tena wakati wa joto kali. Mmea unaoungua Desemba sio lazima umerogwa. Jua limeufuata pale pale ulipo. Usogeze.

Kaskazi: Desemba hadi Februari

Huu ndio msimu wa joto kali. Mchana joto hufika nyuzi 31 na zaidi, na chungu cheusi cha plastiki kilichoachwa juani kinapika mizizi iliyomo. Mwagilia asubuhi mapema au jioni jua likishapoa. Vyungu vidogo vinavyokaa juani vinaweza kuhitaji maji kila siku.

Sogeza vyungu karibu karibu ili vipeane kivuli na unyevu. Tandaza majani makavu au maranda juu ya udongo, bila kugusa shina. Usibadilishe chungu wala kuweka mbolea kali wakati huu. Mmea unapambana na joto, usiuongezee kazi.

Kuna mtego wa Krismasi pia. Watu wanasafiri kwenda mikoani wiki mbili, tena kwenye miezi ya joto. Kabla ya kuondoka, peleka vyungu vyote kivulini, mwagilia vizuri, na kwenye vile vikubwa chomeka chupa ya maji kichwa chini, kizibo chake kikiwa na tundu dogo. Bora zaidi, mwachie jirani ujumbe: aguse udongo kwanza, ndipo amwagilie.

Masika: Machi hadi Mei

Hapa ndipo vyungu vingi vinapokufa. Mvua inanyesha, na jagi la kila asubuhi linaendelea. Weka jagi chini. Vyungu vilivyo nje viinue juu ya vipande vya matofali ili tundu la chini lisizibwe, na hakikisha linatoa maji. Visahani vyote viondolewe.

Mimea isiyopenda maji mengi, kama alovera na waridi la jangwani, iingie chini ya paa hadi mvua ziishe. Achanisha vyungu ili hewa ipite, maana unyevu unaleta ukungu na madoa meusi kwenye majani. Majani yenye ugonjwa kata na uyatupe mbali, usiyaache juu ya udongo.

Konokono nao ni wakati wao. Hutoka usiku. Wakusanye kwa tochi, ukiwa umevaa glovu au mfuko mkononi, na angalia chini ya vyungu ambako hujificha mchana.

Masika ina faida zake lakini. Ni wakati mzuri wa kuzalisha mimea mipya kwa vipandikizi. Kata pingili zenye urefu wa kidole au zaidi kutoka kwenye bogenvilia, asumini au rehani, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu na uweke kivulini. Mmea mmoja unaweza kukupa mitano bila kununua.

Mvua pia inasafisha chumvi. Nyumba nyingi za Dar hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na baada ya miezi kadhaa utando mweupe huonekana juu ya udongo na kwenye kingo za chungu. Mmea unaovumilia maji uache upigwe na mvua siku moja au mbili, chumvi itashuka na kutoka.

Kipupwe: Juni hadi Agosti

Ubaridi kidogo, mvua chache, usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 19. Kwa maua mengi huu ndio msimu mtamu. Ni wakati wa kupogoa waridi na kufurahia maua ya msimu kama zinia na petunia, ambayo masika yangeyaozesha.

Ubaridi unawafanya watu wapunguze maji, na ni sawa, lakini upepo wa kusi unakausha majani na udongo wa juu. Usiangalie kalenda, tumia kidole. Nyumba za karibu na bahari, suuza majani kwa maji baridi mara moja kwa wiki ili kuondoa chumvi inayoletwa na upepo.

Ukavu unaleta pia utitiri. Ukiona utando mwembamba na vidoa vyeupe kwenye majani, osha chini ya majani kwa maji yenye kasi. Kwa vidukari na wadudu weupe kama pamba, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja kwanza, kisha nyunyiza jioni.

Vuli: Oktoba hadi Desemba mwanzoni

Baada ya Septemba kuvuka salama, vuli ni msimu wa kuanza upya. Mvua huja kwa vipindi, joto linapanda, mimea inakua haraka. Mmea ambao mizizi yake imetokeza kwenye tundu la chini uhamishie chungu kikubwa kidogo, upana wa vidole viwili zaidi unatosha. Chungu kikubwa mno hushika maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kutumia, na tunarudi kwenye tatizo lile lile.

Weka mboji mpya juu, au mbolea kidogo kila baada ya wiki tatu au nne. Majani ya zamani yakiwa ya njano huku udongo hauna maji mengi, mmea una njaa. Na usiamini utabiri wa kichwani: vuli ikichelewa, mwagilia kama kiangazi.

Kisahani kinaweza kuleta dengue

Hii si habari ya maua pekee. Dar es Salaam imewahi kupata milipuko ya homa ya dengue, ukiwemo wa 2014 na wa 2019. Mbu anayeieneza, Aedes, anauma zaidi mchana na anapenda kutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: matairi, ndoo, makopo na visahani vya vyungu.

Kutoka yai hadi mbu mkubwa inaweza kuchukua wiki moja hadi siku 10 tu. Mayai hugandishwa kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Ndiyo maana kumwaga tu hakutoshi. Mara moja kwa wiki, mwaga maji na usugue kisahani kwa brashi. Au jaza kisahani mchanga, unyevu ubaki bila maji kuonekana. Pipa la kuvunia maji ya mvua lifunikwe, na money plant iliyo kwenye chupa ya maji ibadilishiwe maji kila wiki na chupa isuguliwe.

Uanze na mimea gani?

Kwa anayeanza, hii inasamehe makosa:

- ZZ: ile yenye majani mazito yanayong'aa. Asili yake ni Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo, ingawa leo inauzwa dunia nzima. Hutunza maji kwenye viazi vyake chini ya udongo, hivyo hukaa wiki mbili au tatu bila maji na huvumilia mwanga hafifu.
- Bogenvilia: inataka jua kali. Ikinyweshwa sana inatoa majani tu; ukavu kidogo ndio unaoisukuma ichanue.
- Waridi la jangwani: nalo ni la ukanda huu. Shina lake nene ndilo tangi la maji.
- Rehani na asumini: harufu nzuri, lakini hazipendi kusahaulika. Jua la asubuhi na maji udongo ukikauka juu.

Tahadhari kwa wenye watoto na mifugo: utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, na ZZ ikitafunwa inawasha mdomo na koo. Weka juu, nawa mikono baada ya kukata.

Na walio bara?

Kalenda hii ni ya pwani. Dodoma na Mbeya mvua huwa ni za msimu mmoja, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kiangazi chao ni kirefu. Njombe na Makete baridi ya Juni na Julai inaweza kuleta sakitu, vyungu viingizwe ndani usiku. Milima ya Usambara nayo ni nyumbani kwa ua dogo la zambarau linalojulikana duniani kama African violet, lililopelekwa Ulaya miaka ya 1890. Linapenda ubaridi, kivuli na majani makavu. Lushoto litastawi, kwenye dirisha la Dar lenye jua la mchana, litateseka.

Kwa kifupi

- Gusa udongo kabla ya kushika jagi.
- Kila chungu kiwe na tundu.
- Masika, inua vyungu na uondoe visahani.
- Desemba na Juni, angalia tena jua linapiga upande gani.
- Sugua visahani kila wiki.

Mwenye ua la njano leo aanze na la kwanza. Kidole kitamwambia kama ua lina kiu au linazama.