Jamaa Wawili, Sampo za ABBA na Moto Shambani Sweden

Unadhani kufutiwa ngoma mtandaoni ndiyo adhabu kubwa kuliko zote kwa anayetoa rimiksi bila kibali? Kaa kitako. Mwaka 1987 jamaa wawili wa Uingereza walichoma moto albamu yao wenyewe.

Walijiita The JAMs. Ngoma yao ya kwanza ilikata vipande vya The Beatles na MC5, na hakuna aliyeombwa ruhusa. Waliitoa kwenye santuri za lebo nyeupe, zile tupu ambazo madj walikuwa wanapeana kimya kimya. Wasambazaji wakaogopa kuigusa. Mwingine angeshtuka hapo, wao wakarudi na albamu nzima.

Sasa humo ndani kuna wimbo uliobeba kipande kikubwa cha Dancing Queen ya ABBA, wala sio kijisampo cha sekunde mbili. Upande wa ABBA ukalalamika. MCPS, chama kinachosimamia haki za watunzi Uingereza, kikawaamuru wakusanye nakala zote ambazo hazijauzwa waziharibu.

Watu wengi huchanganya hapa. Wimbo mmoja una haki mbili: utunzi na rekodi. Hata ukimwita rafiki yako aimbe upya ili ukwepe rekodi ya mwenyewe, utunzi bado si wako.

Basi bwana, jamaa wakapakia mzigo kwenye gari wakaenda Sweden kuwabembeleza ABBA uso kwa uso, wameongozana na mwandishi wa jarida la NME. Walibeba na diski ya dhahabu ya zawadi, ya kutambua mauzo yaliyozidi sifuri! ABBA hawakuwapata. Wakaingia shambani, wakachoma nakala nyingi, na zilizobaki wakazitupa Bahari ya Kaskazini kutoka kwenye feri wakati wa kurudi.

Kisha ukaja ujeuri. Wakaitoa tena albamu ileile, sampo zimeng'olewa, mapengo ya kimya yamejaa. Kwenye jalada wakaandika maelekezo: tafuta mashine za santuri, televisheni na video, ujazie mwenyewe nyumbani. Kihuni, lakini kisheria walikuwa salama.

Mwaka 1988 wakaja na jina jingine, The Timelords, wakachanganya muziki wa kipindi cha Doctor Who na kibao cha zamani cha Gary Glitter. Safari hii watunzi wa asili waliandikwa kwenye orodha ya watunzi. Ngoma ikashika namba moja Uingereza.

Siku hizi hakuna haja ya barua wala feri. Ukipandisha rimiksi YouTube, mfumo wa Content ID unalinganisha sauti yako na kazi zilizosajiliwa, halafu mwenye mali anachagua: aizuie, au aiache icheze hela ya matangazo iingie kwake. Umekesha na biti wiki nzima, wanapiga mkwanja wengine.

Jamaa wenyewe baadaye waliwika duniani kwa jina la The KLF. Mwaka 2021 waliporudisha mtandaoni albamu yao ya 1990, Chill Out, ilibidi waibadilishe jina na kuikata. Miaka 31 imepita, na sampo zisizo na kibali, ya Elvis ikiwemo, zilibaki nje.