Jedwali la bei kwenye simu: linavyopangwa, na mahali linapoweza kukupoteza

Kila tunaposoma bei za mazao hewani, hawakosekani wasikilizaji wanaotupigia kusema wameingia wenyewe kwenye tovuti na kukuta bei tofauti na tulizosoma. Mara nyingi namba ni zilezile. Kinachotofautiana ni namna jedwali lilivyojipanga kwenye kioo cha simu. Leo tunaeleza jedwali la tovuti hutengenezwaje, nani anaamua sura yake, na ukague nini kabla hujapatana bei na mnunuzi.

Jedwali la tovuti lina sehemu mbili zilizotenganishwa. Ya kwanza ni habari zenyewe: zao, soko, kipimo, bei, tarehe. Hizi hupangwa kwa lugha iitwayo HTML. Ya pili ni mavazi: rangi, ukubwa wa herufi, upana wa safu, mistari ya kutenganisha. Hayo ni kazi ya lugha nyingine, CSS. Wazo la CSS lilitolewa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie, akiwa CERN, kituo cha utafiti kule Uswisi ambako Tim Berners-Lee alibuni wavuti. Toleo lake la kwanza lilipitishwa Desemba 1996. Mtu akibadilisha shati hageuki kuwa mtu mwingine, na jedwali ni hivyo hivyo: unaweza kulivisha upya bila kugusa bei hata moja.

Watengenezaji wa tovuti hawaandiki jedwali mstari kwa mstari. Wanatumia kifaa kilicho tayari, kinachochota habari kwenye hifadhidata na kulichora jedwali chenyewe. Kimojawapo kilichoenea sana maofisini ni GridView ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2005. Kifaa hicho kina mahali pa kuweka sura ya mstari wa kichwa, ya mistari ya kawaida, ya mistari inayopishana, na ya mstari uliochaguliwa. Mtengenezaji anaweza kuandika rangi humo humo ndani ya kifaa, au akakipa jina tu na kuiachia CSS kazi ya mavazi. Sisi tunaona njia ya pili ndiyo ya fundi anayefikiria kesho, maana ofisi ikiwa na kurasa ishirini za bei, kubadilisha sura zote ni kugusa faili moja.

Mistari inayopishana rangi, kama milia ya punda, si urembo. Jicho likitoka kwenye jina la soko upande wa kushoto kwenda kwenye bei upande wa kulia, huteleza kirahisi na kuangukia mstari wa chini. Kwa jinsi hiyo unaweza kusoma bei ya soko la jirani ukadhani ni ya kwenu. Bei nazo hupangwa zikiegemea kulia, ili mamia yakae chini ya mamia na maelfu chini ya maelfu. Zikiegemea kushoto, 9,500 na 95,000 huanza mahali pamoja, na mtu mwenye haraka anaweza kuzichanganya.

Sasa tuje kwenye simu, na hapa ndipo penye hatari. Jedwali la safu saba halienei kwenye kioo cha simu. Mtengenezaji ana njia tatu. Anaweza kuliacha jedwali lisogezwe kwa kidole kwenda pembeni. Anaweza kuubadilisha kila mstari uwe kama kadi, yaani zao juu, kisha soko, kipimo na bei chini yake. Au anaweza kuzificha baadhi ya safu kioo kinapokuwa chembamba, jambo ambalo CSS inaliweza kwa maagizo machache tu.

Njia hiyo ya tatu ndiyo inayotutia wasiwasi, kwa sababu safu inayofichwa inaweza kuwa ile ya kipimo. Tanzania gunia la mahindi huhesabiwa kilo 100, Kenya kilo 90. Tuseme umeona “63,000” bila kuambiwa ni ya gunia gani. Kwa gunia la kilo 90, hiyo ni shilingi 700 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 100, ni shilingi 630. Ukiwa na tani moja ya mahindi, tofauti ni shilingi 70,000. Hiyo inaweza kuwa ada ya mtoto, au mbolea ya msimu ujao.

Kwa hiyo ukiona bei isiyo na kipimo, usiiamini bado. Laza simu. Kioo kikiwa kipana zaidi, safu zilizofichwa zinaweza kujitokeza. Zisipojitokeza, fungua menyu ya kivinjari na uchague ukurasa uonekane kama kwenye kompyuta. Herufi zitakuwa ndogo, lakini mara nyingi utaziona safu zote, kisha utavuta kwa vidole viwili kukuza unachotaka.

Tarehe ni mtego mwingine. Kifaa kama GridView huandika tarehe kwa kufuata mpangilio wa kompyuta inayohifadhi tovuti. Ikiwa imeachwa kwenye mpangilio wa Marekani, mwezi hutangulia siku. Basi “4/3”, ambayo sisi tunaisoma tarehe 4 Machi, kumbe ni tarehe 3 Aprili. Dawa yake ni nyepesi: mtengenezaji aweke mwezi kwa jina.

Kisanduku kitupu nacho kina neno. GridView ina mahali pa kuandika maneno ya kutokea pale habari inapokosekana. Ofisi makini huandika “bei haikupatikana”. Nyingine huacha wazi, au huweka sifuri, na mkulima anabaki kujiuliza kama soko lilifungwa au mahindi yameshuka kiasi hicho.

Kuhusu rangi tuseme machache. Kijivu juu ya nyeupe hupendeza ofisini kwenye kivuli, lakini juani shambani hakisomeki. Na bei iliyopanda isionyeshwe kwa kijani tu na iliyoshuka kwa nyekundu tu, kwa sababu wapo watu wasiozitofautisha rangi hizo mbili. Iwekwe alama au neno kando yake.

La mwisho ni bando. Jedwali la GridView lililogawanywa kurasa kwa kawaida hupakia ukurasa mzima upya kila unapogusa namba ya ukurasa unaofuata. Pia ukurasa wake unaweza kubeba mzigo wa siri, kumbukumbu ya hali ya jedwali ambayo huioni lakini unailipia. Mtengenezaji anaweza kuizima kumbukumbu hiyo pale isipohitajika. Kama tovuti ya bei unayoitumia ina nafasi ya maoni, waandikie mambo matatu: kipimo kisifichwe kwenye simu, mwezi uandikwe kwa jina, na kuwe na sehemu ya kuchagua soko lako kwanza ili usipakie orodha ya nchi nzima kutafuta mstari mmoja.