CD ya bure iliyotuhamisha Windows

Historia ya Linux huanza na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwaka 1991. Ni kweli, lakini ndugu msomaji, mtu wa kawaida mwenye tarakilishi moja nyumbani hakuhama Windows kwa sababu ya Torvalds. Wengi walihama kwa sababu ya CD iliyokuja kwa posta.

Kumbuka hali ya Kenya katikati ya miaka ya 2000. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo, kupakua Linux ya megabaiti 700 kwa modemu ya simu ya 56k kungechukua saa 28 hivi, laini isipokatika hata mara moja, na bili inahesabu kila dakika. Nani alikuwa na pesa hizo?

Tena kupakua hakukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa diski. Tarakilishi ni moja, ya familia nzima: picha za harusi, kazi za chuo, hesabu za duka. Kusakinisha Linux kulianza na maswali ya kugawa diski, na ukijibu vibaya kila kitu kimefutika. Jamani, hata mimi ninayeandika programu kwa riziki yangu sipendi maswali hayo.

Mjerumani Klaus Knopper alionyesha njia mwaka 2000 kwa Knoppix: Linux inawaka moja kwa moja kutoka kwenye CD, diski haiguswi. Halafu akaja Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kampuni yake ya Canonical. Ubuntu ya kwanza, 4.10, ilitoka Oktoba 2004, na kupitia huduma yao ya ShipIt ulijaza fomu ukaletewa CD bila kulipa hata stempu. Mwanzoni CD ya kujaribu na ya kusakinisha zilikuwa mbili tofauti. Toleo la 6.06, Juni 2006, liliziunganisha: unaijaribu, ikikupendeza unabonyeza alama ya kusakinisha papo hapo. Windows inasogezwa pembeni, haifutwi, na kila ukiwasha mashine unaulizwa unataka ipi. Mwaka 2008, toleo la 8.04 lilileta Wubi, iliyoiweka Ubuntu ndani ya Windows kama programu nyingine yoyote. Ukichoka nayo, unaiondoa.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoiongezea Linux kasi. Vilipunguza gharama ya kujuta, basi.

Waliorudi Windows, kwa maoni yangu, wengi walirudishwa na modemu. Zile za ndani ya mashine mara nyingi zilitegemea programu za Windows ili zifanye kazi. Za USB zilipokuja, kama Huawei E220, zikawa na ujanja wao: ukiichomeka inajitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows. Linux inaona CD, intaneti hakuna. Josua Dietze aliandika usb_modeswitch, inayoiamuru modemu iache kujifanya CD. Safi sana, ila ili uipakue unahitaji intaneti! Kwa hiyo unakwenda saiba na flashi yako, unarudi nayo, unaomba Mungu usiwe umesahau faili moja.

Canonical walifunga ShipIt mwaka 2011. Sasa kazi ya ile CD inafanywa na flashi, na sababu ya kuhama imerudi: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kitu ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Kama yako ni mojawapo, washa Linux kutoka kwenye flashi, chagua kujaribu kwanza, kisha pima Wi-Fi, sauti na printa kabla ya kugusa diski. Na zile picha za harusi, zinakili mahali pengine leo.